Mwanamuke Aliyekaa Inje ya Matete

Watu wa hapa Nchelenge walisema shangazi yangu Eness ni mulevi. Nimekaa naye nyumba moja tangu mama yangu aliponiacha kwake akavuka ziwa kufanya biashara upande wa Kilwa, kule Kongo, na sijamuona hata siku moja akiweka pombe katika kinywa. Anakunywa chai, anakunywa maji, na siku ya posho alikuwa anakunywa Fanta moja pole pole mpaka inapata moto katika chupa. Lakini Fanta ile aliinywa kwenye bar ya Dominique. Kesi yote ilitoka hapo.

Siku ya posho ni ile inayotangulia siku ya Mungu. Wavuvi wamepumzisha nyavu, malori ya samaki yamekwisha kuondoka kwenda Copperbelt kwenye migodi, na Dominique anatoa gramofone yake. Dominique ni Mukongomani aliyehamia hapa zamani akaoa hapa. Bar yake si nyumba kubwa. Ni uwanja wa muchanga uliofagiliwa, mabati kidogo upande mumoja, na ukuta wa matete kuzunguka pande zote ili wasiolipa wasione. Wanaume waliingia ndani. Wanawake walioingia ndani walipewa jina, na jina lile siliandiki. Shangazi hakuingia. Alibeba kiti chake kidogo cha miti, akakaa inje, mugongo ukigusa matete, miguu imenyooshwa mbele, akapokea Fanta yake kupitia tundu la ukuta, akafunga macho.

"Mulevi anatafutaka pombe," wanawake wa soko walisema. "Huyu hatafute pombe. Basi anatafuta nini?"

Nitawaambia alichotafuta, maana nilikaa karibu naye. Alitafuta besi. Ile sauti nene ya chini, inayotembea chini ya nyimbo kama mutu anayetembea chini ya muzigo.

Bendi ya pale ilikuwa ya vijana watatu wa hapa, na mwenye besi aliitwa Kingsley. Besi yake ni kalindula, gita kubwa ambalo vijana wanalitengeneza wenyewe. Tumbo lake ni kama ngoma, ngozi ya mbuzi imevutwa juu, na nyuzi zinatoka po pote, waya wa breki ya baisikeli ao kamba ngumu ya nyavu. Sasa hewa ya ziwa inalegeza ngozi. Ikilegea, kalindula inasema kama mutu mwenye mafua. Kwa hiyo kila asubuhi ya posho Kingsley alikuja kwenye vichanja vya shangazi, pale anapokausha samaki na moshi, akasimamisha kalindula yake karibu na moto. Shangazi aliigonga na kidole.

"Bado," alisema.

Kingsley aligeuza.

"Bado. Geuza tena. Sasa unaichoma, toa."

Ndiyo maana bendi ile ilinuka samaki. Watu waliicheka harufu ile, na wakaicheza.

Shangazi alizaliwa Puta, mutoto wa muvuvi. Alipokuwa musichana mudogo kazi yake ilikuwa kugeuza chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juu ya muchanga, na kufukuza ndege. Wachuuzi kutoka Kongo walikuja kununua, na wakati samaki wanakauka walikaa chini wakapiga gita. Siku moja alisimama kusikiliza mpaka mbuzi na ndege wakamaliza chisense ya nyumba nzima. Alipigwa. Fimbo ilipokwisha aliuliza kama wale wageni wangali pale. Habari hii ananihadisia bila haya yo yote, kama mwingine anavyohadisia siku aliyobatizwa.

Na asidhani mutu kwamba alipenda kila kitu kinacholia. Alikuwa na maneno. Alisema mutu anayeimba na macho juu mbinguni anadanganya. Alisema gita mbili zikisema neno moja, moja inakula bure. Dominique alileta diski kutoka ngambo, amezifunga katikati ya sahani za kulia ili zisipindwe na jua, na betri za gramofone zikichoka alizianika juu ya mabati zipate nguvu kidogo. Aliamini diski zake kama padri anavyoamini kitabu. Siku moja aliinama juu ya ukuta akamwambia shangazi:

"Mama Eness, hii diski inatoka Kinshasa. Batu bote banaicheza, ata bazungu. Na weye unaniambia ule mbuzi wa Kingsley njo muzuri kuipita?"

"Dominique, diski yako inaimba vile vile ata kama mufu iko inje. Haituone. Hawa batoto banatuona."

"Banaona nini? Banaona miguu yako iko na vumbi."

"Njo vile. Na banapigia vumbi."

Dominique alicheka mpaka akashika matete yasianguke.

Mimi upande huu sikukubali maneno ya shangazi, na hata leo sikubali. Mimi napenda diski. Napenda kitu kinachorudi vile kilivyoondoka. Mama yangu kila mara anaporudi kutoka Kilwa ni mutu mwingine kidogo, nguo nyingine, cheko lingine. Diski ya Dominique ilikuwa na mukwaruzo pahali pamoja, na mukwaruzo ule haukuhama. Nilimwambia shangazi maneno hayo mara moja. Akasema, "Basi weye penda yako. Lakini usiniambie iko hai." Hatukugombana. Watu wawili wanaweza kupenda muziki na kukataana, kama vile wanavyofanya na mupira.

Ninaandika nikijua kuna watu watakaosema muziki wa bar unaharibu watoto. Mimi nilikuwa mutoto pale, muniulize. Niliacha shule katika darasa la ine, na hakuna gita lililonitoa. Nimeona mutu akitoka katika maombi akaenda kupiga muke wake. Nimeona mutu akitoka kwa Dominique amebeba mutoto wake juu ya mabega, wanaimba wawili. Nimeona na kinyume. Gita halikuwaamuru. Watu hawa siku zingine zote wanabeba samaki, wanakata samaki, wanabishana juu ya samaki, mpaka shuka zao zinanuka samaki. Siku ya posho tu mwili wao unafanya kitu kisichopelekwa soko. Wakubwa wanaita hiyo muchezo, kama vile muchezo ni takataka inayobaki kisha kazi. Mwaka wa kesi hii redio ya Lusaka ilianza kupiga zaidi nyimbo za inchi yetu, na wengi wa hapa wakasema, kumbe vitu vyetu ni muziki. Shangazi alisema redio imechelewa kuamka, yeye alikwisha kufagia.

Mume wake anaitwa Fanwell. Ni fundi wa nyavu. Anashona nyavu za wengine mbele ya nyumba, pole pole, bila kuinua kichwa, na simuiti mutu mubaya. Hakumupiga shangazi hata mara moja. Mutoto wao mukubwa, Mukuka, yuko kazini Kitwe, na kwa desturi ya hapa wanaitana kwa jina la mutoto: yeye ni Bashi Mukuka, shangazi ni Bana Mukuka. Kwa miaka mingi Fanwell aliacha siku za posho zipite. Kisha wazee wa kanisa, na Muzee Misheck mukubwa wao, wakamuchagua kuwa muzee mwenzao.

Siku ile tulikuwa tunakula. Alisubiri mpaka nimetoa maji ya kunawa.

"Bana Mukuka, siku ya Mungu ya mwisho wa mwezi wananiweka muzee."

"Nimesikia, mukwai," shangazi alijibu kwa heshima. "Ni vizuri."

"Muzee Misheck aliniita. Alisema nyumba ya muzee inaangaliwa."

"Baangalie. Nilisha kupaka udongo mupya."

"Si udongo. Ni bar."

"Bar siingiake. Ninakaaka inje."

"Batu habaone inje, Bana Mukuka. Banaona bar."

"Basi baende kwa munganga wa macho."

Fanwell hakucheka. Aliweka mikono juu ya magoti, akasema kama mutu aliyejifunza maneno njiani:

"Unachagua. Muziki ao nyumba. Ukienda tena kukaa pale, utafunga bitu byako urudi Puta."

Shangazi aliendelea kutoa miiba katika samaki. Alipomaliza aliweka nyama upande wa Fanwell, kama siku zote.

"Bashi Mukuka, hii nyumba nimeipaka na mikono yangu. Ule muziki sikuupaka, lakini ni wangu pia. Usinishikie bitu mbili juu, uniambie nichague kimoja, kama vile mutoto anaonyeshwa sukari."

Siku ya posho iliyofuata alichukua kiti chake akaenda. Nilimufuata. Tulikaa. Bendi ilipiga, naye alifunga macho, lakini niliona vidole vyake vimeshika chupa kwa nguvu. Puta si mbali sana, lakini baba yake ni muzee asiyeweza kusimama, na kaka zake wana wake wanaohesabu kila kijiko. Mwanamuke wa miaka yake akirudi kule amebeba vitu juu ya kichwa, atakufa akiwa mugeni katika jiko la mwingine. Alijua vile. Alikaa mpaka nyimbo ya mwisho.

Tuliporudi nyumbani hatukukuta vitu vyake inje. Kwetu hapa mume hamufukuzi muke kwa kinywa chake mwenyewe tu. Akifanya vile, ukoo wa muke utakuja kumuuliza mbele ya watu, na hatakuwa na jibu. Kuna njia. Mwenye kulia juu ya muke wake anachukua kuku na chumvi, anaenda kwa nachimbusa. Nachimbusa ndiye yule mama aliyemufundisha muke wakati alipokuwa musichana, akamutayarisha kwa ndoa. Akishindwa yeye, basi, muke anaweza kurudishwa kwao, na hakuna atakayeuliza.

Fanwell aliijua njia, lakini hakujua kinachokaa mwisho wake. Mama yake alikufa mapema, alilelewa na wanaume wa kanisa, na mambo ya wanawake alisikia kwa mbali tu. Alifikiri nachimbusa atakuja kama muzee wa kanisa anavyokuja, atakaa juu ya kiti, atakohoa, atasema maneno makali, ataomba, ataenda. Alichukua kuku akaenda Kafutuma kwa Bana Ngosa, nachimbusa wa shangazi, bibi mufupi sana, karibu na urefu wangu nilipokuwa darasa la pili. Alirudi na uso uliopumzika.

"Atakuja siku ya posho kisha saa sita," aliniambia mimi, kwa sababu hakutaka kumwambia shangazi. "Alisema nisitoke."

Nilifahamu pia kilichomufurahisha. Siku ya posho kisha saa sita, shangazi hataweza kwenda kwa Dominique.

Shangazi alipopata habari aliketi chini palepale, kati ya vichanja. Nilifikiri analia. Nilipokaribia niliona anajizuia kucheka, kisha kweli machozi yalikuja, sijui ya upande gani.

"Bana Ngosa," alisema. "Aliita Bana Ngosa. Masikini mume wangu."

Siku ile Fanwell alivaa shati ya kanisa. Aliweka kiti kimoja kizuri kwa mugeni, akaniambia nifagie mara ya pili. Tulianza kusikia vigelegele vikitoka upande wa barabara. Kisha ngoma. Bana Ngosa alitangulia, na nyuma yake wanawake wengi, ngoma tatu juu ya vichwa. Waliingia ndani ya ukuta wa matete wa nyumba yetu bila kupiga hodi, wakaweka ngoma chini, wakaanza kuzipashia moto wa samaki. Aliyebeba ngoma kubwa alikuwa Mama Olipa. Mama Olipa ni muke wa Muzee Misheck, yule mukubwa wa wazee wa kanisa, na ni yeye aliyekuwa wa kwanza katika soko kusema shangazi ni mulevi.

Fanwell alisimama.

"Mama, mukwai, niliomba mumwambie maneno."

"Maneno gani?" Bana Ngosa alisema.

"Maneno ya kumurudisha katika njia."

"Mwanangu, mambo ya muke na mume hatuifundishake na kinywa kikavu. Ulitaka mahubiri, ungeenda kwa benye mahubiri. Beko bengi. Weye ulikuja kwangu na kuku. Kaa."

"Lakini ngoma, mama. Miye juma linalokuja ninakuwa muzee wa—"

"Mwenye kuleta neno anakaa mpaka linakwisha. Njo sheria. Apana kwenye kiti, kiti ni changu. Kaa chini kwa mukeka, karibu na muke wako."

Akakaa. Mama Olipa alipita mbele yake na ngoma kubwa.

"Bashi Mukuka, vuta miguu kidogo, ngoma inataka nafasi."

Mimi ni musichana, na nilikwisha kuwa mukubwa wa kutosha, kwa hiyo hawakunitoa. Nyimbo zenyewe siziandiki. Si za karatasi, na wanaume wanasoma. Nitasema tu kwamba Dominique na diski zake zote hajawahi kuleta neno moja lenye moto kama yale yaliyotoka katika kinywa cha muke wa Muzee Misheck mbele ya vichanja vyetu, mchana, jua likiwaka. Na mikono yake juu ya ngozi ilikuwa ya kushangaza. Nilikuwa ninamuchukia mama yule, ninasema kweli, na ilinibidi nimusikilize. Fanwell aliangalia mukeka.

Walimupima shangazi. Bana Ngosa anatupa nyimbo, na aliyefundishwa anajibu, kwa sauti na kwa kiuno, kila nyimbo ina jibu lake. Akikosa, ndiyo amesahau, na watamufundisha upya mpaka kuanguka kwa jua. Shangazi hakukosa. Alijibu akikaa, alijibu akisimama, alijibu akiwa amelala kwa mugongo kama desturi inavyoomba mbele ya wakubwa. Mwisho alikuwa anajibu hata Bana Ngosa hajamaliza kutupa. Wanawake walipiga makofi. Wakati ule niliona macho katika ukuta wetu. Nilienda kuchungulia. Wanaume wa bar walikuwa wamesimama inje, wameshika chupa, wengine wameinama, wanasikiliza. Gramofone ya Dominique ilikuwa imenyamaza.

Bana Ngosa aliinua mukono, ngoma zikakaa.

"Bashi Mukuka. Muke wako hajasahau. Sema kosa."

"Anaendaka bar."

"Anakunywaka?"

"Hapana, mama."

"Analalaka kule?"

"Hapana."

"Unalalaka na njaa?"

"Hapana."

"Basi anafanyaka nini?"

Fanwell aliangalia wanawake kando kando. Hakuna mutu aliyemusaidia.

"Anasikilizaka," alisema.

Cheko la wanawake lilipita ukuta, na wanaume inje wakacheka nao bila kujua kinachochekwa. Shangazi hakucheka. Aliomba kusema. Bana Ngosa alikubali na kichwa.

"Mama, weye njo ulinifungia katika nyumba mwezi muzima. Ulinipigia ngoma asubuhi, ulinipigia ngoma mangaribi. Ulisema mwanamuke asiyesikia ngoma hatasikia mume, hatasikia mutoto akilia. Ulinifungua masikio. Sasa nimesikia, na batu banasema nimesikia zaidi. Mulitaka nisikie mpaka wapi? Munionyeshe mupaka, niuone." Akageuka kwa Mama Olipa. "Na weye, Mama Olipa. Kwa soko mimi ni mulevi. Hapa unanipigia ngoma mpaka jasho linatoka. Kesho utaimba katika kanisa na kitambaa cheupe. Ni kiuno kimoja, mama. Hatununuake vitatu."

Mama Olipa alipangusa uso. "Miye nimekuja kupiga ngoma," alisema. "Sikuja kujibu."

"Nyamaza, weye Eness," Bana Ngosa alisema. "Usifurahi. Sikusema ile bar ni muzuri. Ningekuwa na nguvu, ningechoma ile matete leo. Unajua kinachoniuma? Mwanamuke niliyefundisha na mikono yangu anakaa inje ya ukuta, sawa mbwa anangojea mifupa. Batu bananihadisia. Ni mimi nilikufundisha kukaa inje? Kama ni kitu cha haya, kaa nyumbani kwako. Kama si cha haya, ingia, kaa na kichwa juu. Katikati hapo hapana mutu."

Kisha akamwambia Fanwell kwamba hapa hakuna cha kufundisha, kuku ameliwa haki, na kama anataka kumurudisha mwanamuke Puta sasa ni neno lake yeye na Mungu wake, yeye Bana Ngosa hatalibeba. Fanwell alisimama, viganja vyake vilikuwa na alama za mukeka.

"Neno langu liko palepale," alisema. "Muziki ao nyumba."

Nilishangaa. Katika mambo yote ya mutu yule, hapo ndipo nilimuheshimu kidogo. Alikuwa amechekwa na ukuta muzima, na alisema.

Kesho yake, kisha ibada, Muzee Misheck alikuja. Alikaa, aliuliza habari za nyavu, aliuliza habari za Mukuka wa Kitwe. Mwishoe alisema:

"Jana tulisikia ngoma hapa."

Shangazi alimuletea Muzee maji, akapiga magoti kwa heshima.

"Ni kweli, Muzee. Na ngoma kubwa ilipigwa muzuri. Ule mukono mimi ninaujua. Na weye unaujua."

Muzee Misheck alikunywa maji yote. Akasema jua limekuwa kali siku hizi, akaenda. Habari za ngoma hazikuulizwa tena katika kanisa.

Juma lile shangazi alifanya kazi zake zote. Alikausha samaki, aliuza, alipika. Siku ya posho, ile ya mwisho ya mwezi, Kingsley alikuja na kalindula yake asubuhi, shangazi akaigonga kama siku zote. Kisha saa sita aliingia ndani, akatoka na vitu vyake vimefungwa katika kitenge: nguo, sufuria mbili, blanketi. Aliviweka mbele ya mulango. Fanwell alikuwa pale na sindano yake ya nyavu.

"Bashi Mukuka, ulisema nifunge. Nimefunga. Hapa njo mwisho wa mukono wangu. Ukitaka nirudi Puta, tafuta mutu abebe hii, nitaikuta njiani. Usipotaka, irudishe ndani, mvua iko karibu. Miye ninaenda kusikia bendi."

Hakuchukua kiti. Nilimuuliza kiti kiko wapi. "Ndani kuko biti," alisema.

Ukuta wa Dominique una mulango mumoja, mufupi, unaingia ukiinama. Shangazi aliinama, akaingia, akasimama wima. Sauti zilipunguka, moja na moja. Kingsley aliacha kupiga. Dominique alisimama na diski katika mukono, hakujua aiweke wapi.

"Munaacha juu ya nini?" shangazi alisema. "Nimekuja kusikia."

"Ee, mama, muke wa muzee wa kanisa," mutu mumoja alisema kutoka upande wa mabati. "Tukuleteeko bia?"

"Mununulie muke wako sabuni, mwanangu. Shati yako inaimba kuipita bendi."

Cheko likavunja kitu kile kilichokuwa hewani. Dominique alileta kiti, akakipangusa na mukono wa shati lake. Shangazi alikiweka mbele kabisa, mbele ya kalindula, akaweka mikono juu ya mapaja. Hakufunga macho. Aliangalia vidole vya Kingsley, vile vidole alivyovisikia miaka yote bila kuviona, namna kidole cha kwanza kinavyovuta na kidole gumba kinavyozuia. Bendi ilianza na aibu, ikasahau aibu. Wanaume waliinuka kucheza, wakamuzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Hakucheza. Hakutabasamu. Mimi nilikaa chini karibu na miguu yake, na kwa mara ya kwanza nilikubali kidogo maneno yake juu ya diski. Kidogo. Manyunyu yalianguka katikati ya nyimbo, hakuna aliyetoka.

Tulirudi jua lingali juu ya ziwa. Nilitembea nyuma yake. Alipofika karibu na nyumba alipunguza miguu, na niliona anaangalia chini, si mbele, kama mutu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Mbele ya mulango hakukuwa kitu. Muchanga ulikuwa na alama pale muzigo ulipokaa. Tuliangalia barabara ya Puta, nayo ilikuwa tupu. Fanwell alikuwa ndani, karibu na jiko, na muzigo ulikuwa juu ya kitanda, haukufunguliwa, kitenge kimelowa upande mumoja tu.

Shangazi hakusema asante. Alifungua fundo, akatoa sufuria, akaweka maji ya bukari. Tulikaa wote watatu mpaka maji yakaanza kusema. Kutoka nyumbani kwetu muziki wa Dominique unasikilika vizuri wakati hewa inatoka upande ule, na siku ile ilikuwa inatoka. Fanwell alikohoa.

"Ile nyimbo ya mwisho," alisema. "Kalindula ilichelewa."

Shangazi alimimina unga katika maji, akashika mwiko.

"Haikuchelewa," alisema. "Ni weye ulikuwa mbali."